Invoisi Imekwama Njiani? Jua Jinsi Seva Inavyouliza "Wewe Ni Nani?"

Umebonyeza "Tuma". Kiduara kinazunguka, kinazunguka tena, na wewe unakiangalia kama mtu anayesubiri matatu siku ya mvua. Hatimaye barua pepe inaondoka. Unampigia mteja: "Nimekutumia invoisi, hebu angalia." Anaangalia, hakuna kitu. Saa mbili baadaye bado hakuna kitu. Kufikia jioni amenunua kwa jirani yako.

Wakati kama huo, baadhi ya wenye biashara hutupigia simu wakiuliza kama mfumo wetu wa malipo ndio una shida. Tukiangalia, malipo yako sawa kabisa. Kilichokwama ni barua pepe inayobeba kiasi cha kulipa, nambari ya biashara na nambari ya akaunti. Mteja asipoipata, hawezi kulipa. Na akiipata kwa kuchelewa, anaweza kulipa vibaya, kama tutakavyoona.

Leo tunaeleza sababu moja ya kuchelewa huko ambayo watu wengi hawaijui: seva inapojaribu kupata jina lililo nyuma ya nambari. Si lazima uwe fundi wa kompyuta ili ufuate somo hili. Ukishaelewa hodi inavyobishwa mlangoni, umeelewa nusu yake.

Kisa cha duka la vifaa vya ujenzi

Mteja wetu mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi huko Nakuru. Ofisini ana seva yake ndogo ya barua pepe, ambayo makarani wake huitumia kutuma invoisi na bei kwa makontrakta. Alibadilisha kampuni ya intaneti ili apunguze gharama. Fundi akaja, akaweka ruta mpya, intaneti ikawa na kasi kuliko zamani. Kila mtu akafurahi.

Kesho yake shida zikaanza, tena mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa ndani ya ofisi: kila karani alipobonyeza "Tuma", alingoja kama sekunde 10 kabla ya chochote kutokea. Sekunde 10 si nyingi, utasema. Lakini mtu anayetuma invoisi 60 moja moja anapoteza sekunde 600, yaani dakika 10 nzima za kukodolea skrini macho.

Ya pili ilikuwa nje: barua pepe zilitoka ofisini lakini baadhi ya wateja hawakuzipata siku hiyo, wala siku iliyofuata. Kontrakta mmoja aliyekuwa akisubiri bei ya saruji kabla ya adhuhuri alichoka kungoja, akaenda kununua kwingine.

Fundi wa kwanza alisema intaneti ni polepole. Haikuwa kweli, kwa sababu tovuti zilifunguka haraka. Wa pili alisema seva imezeeka, inunuliwe nyingine. Hiyo pia haikuwa kweli. Shida zote mbili zilitokana na swali moja ambalo seva huuliza kila inapopokea mgeni.

Jina kwenda nambari, nambari kwenda jina

Unapotuma pesa kwa simu, unaandika nambari, kisha kabla hujaweka PIN unaonyeshwa jina la mpokeaji. Unalisoma, unajiuliza: ndiye huyu ninayemlipa? Kama ndiye, unaendelea. Kama siye, unasitisha. Nambari peke yake haikuambii mengi. Nambari pamoja na jina ndiyo inayokupa imani.

Intaneti nayo iko hivyo. Kila seva ina nambari yake, inayoitwa anwani ya IP, kwa mfano 203.0.113.25. Hii ni anwani ya mfano tu, imetengwa kwa ajili ya mafunzo. Watu hawakariri nambari, hukariri majina. Kwa hiyo upo mfumo unaoitwa DNS, ambao kazi yake kubwa ni kupokea jina na kurudisha nambari. Ukiuliza "barua.duka.example iko wapi?", unajibiwa "iko 203.0.113.25". Misingi ya mfumo huu iliandikwa na Paul Mockapetris mwaka wa 1983, na nyaraka zinazoutawala hadi leo zilitoka Novemba 1987.

Tangu mwanzo mfumo huo ulikuwa na njia ya pili, ya kwenda kinyume. Hapa unatoa nambari, unaulizia jina: "203.0.113.25 ni ya nani?" Jibu lake huhifadhiwa kwenye kumbukumbu inayoitwa rekodi ya PTR. Huu ndio utafutaji wa kinyume, na ndio mada yetu leo.

Jambo la kukumbuka: njia hizi mbili hazijazani zenyewe. Ukiandika kwamba jina lako linaelekea kwenye nambari fulani, hujaandika kwamba nambari hiyo inarudi kwenye jina lako. Ni madaftari mawili tofauti, na mara nyingi yanashikwa na watu wawili tofauti.

Kwa nini nambari inageuzwa?

Ukiomba fundi akuonyeshe rekodi yako ya PTR, usishtuke ukiona nambari imeandikwa kinyumenyume. Anwani 203.0.113.25 hutafutwa kama 25.113.0.203.in-addr.arpa.

Sababu yake ni rahisi. Majina ya intaneti husomwa kutoka upande wa kulia, kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Katika duka.co.ke, "ke" ndiyo kubwa, kisha "co", kisha "duka". Nambari za IP ni kinyume chake: sehemu kubwa iko kushoto, ya mtu mmoja iko kulia. Ili zikae kwenye mfumo uleule wa majina, ilibidi zigeuzwe. Kwa anwani mpya ndefu za IPv6 mambo ni hayo hayo, ila mwisho wake ni ip6.arpa.

Mgeni anabisha hodi

Sasa twende mlangoni. Seva za barua pepe huongea kupitia mlango nambari 25. Kompyuta ya karani nayo hupitia mlango 587 ili kukabidhi barua kwa seva yake, ingawa ofisi ndogo nyingi bado hutumia 25 kwa kazi zote mbili.

Kompyuta inapofika mlangoni, haianzi kuongea. Inasubiri seva iseme kwanza, kwa salamu inayoanza na nambari 220, yaani "karibu, niko tayari". Lakini seva nyingi, kabla ya kutoa salamu hiyo, hutazama nambari ya mgeni na kwenda kuuliza DNS: "Huyu ni nani?"

Hapo kuna mambo matatu yanayoweza kutokea.

La kwanza, DNS inajibu: "Huyo ni fulani." Inachukua sehemu ndogo sana ya sekunde. Salamu inatoka, kazi inaendelea.

La pili, DNS inajibu: "Simjui." Hili nalo ni jibu la haraka. Seva inaandika kwamba mgeni hajulikani, kisha inaamua kama itampokea au la.

La tatu, DNS inanyamaza. Hakuna ndiyo, hakuna hapana. Seva inabaki imeshika mlango ikisubiri. Kwenye mashine nyingi za Linux, mpangilio wa kawaida ni kungoja sekunde 5 kwa kila mtoa majibu, na kujaribu mara 2. Mtoa majibu akiwa mmoja na amenyamaza, hizo ni sekunde 10. Wakiwa wawili na wote wamenyamaza, ni sekunde 20. Wakati huo wote karani wako anaona kiduara kikizunguka.

Kwa hiyo shikilia hili: kinachochelewesha si jibu la "hapana". Kinachochelewesha ni ukimya. Afadhali mtu akuambie "simjui" mara moja kuliko akuache umesimama mlangoni.

Kwa nini mtumaji hakati tamaa? Kwa sababu kanuni za barua pepe zinamshauri asubiri salamu hiyo hadi dakika 5. Ndiyo maana huoni ujumbe wa kosa. Unaona tu mambo yakienda polepole.

Aina mbili za kuchelewa, usizichanganye

Kuchelewa kwa sekunde ni shida ya ndani. Ukibonyeza "Tuma" unangoja, halafu barua inaenda. Hapa seva yako ndiyo inayotafuta jina la kompyuta ya karani na haipati jibu.

Hilo ndilo lililotokea Nakuru. Kompyuta za ofisi zilikuwa na anwani za ndani zinazoanza na 192.168. Anwani kama hizi, pamoja na zile zinazoanza na 10, hutumika ndani ya nyumba na ofisi tu. Maelfu ya ofisi zina 192.168.1.20 yao, kwa hiyo hakuna mtu wa nje anayeweza kusema ni ya nani. Ruta mpya ilijibu vizuri maswali yote ya majina ya kawaida, ndiyo maana tovuti zilifunguka haraka. Lakini ilipoulizwa jina la 192.168.1.20, ilinyamaza kabisa. Sekunde 5 mara 2. Ruta ya zamani ilikuwa ikijibu "simjui" papo hapo, hivyo hakuna aliyewahi kujua kwamba swali hilo linaulizwa.

Kuchelewa kwa saa au siku ni shida ya nje. Barua imetoka ofisini, lakini seva ya mpokeaji haitaki kuipokea. Hapa ni seva yake inayotazama nambari yako na kukosa jina. Nyingine hukataa moja kwa moja. Nyingine husema "sio sasa, jaribu baadaye", kwa msimbo unaoanza na 4, kama 450. Seva yako inaiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena, na tena. Programu ya Postfix, kwa mpangilio wake wa kawaida, hujaribu tena baada ya dakika 5, kisha huongeza muda hadi kufikia kama saa moja na dakika 7 kati ya jaribio na jaribio. Inaweza kuendelea hivyo hadi siku 5 kabla ya kukata tamaa na kukurudishia barua.

Unaona hatari yake? Kwa siku 5 unaamini umetuma invoisi, na mteja anaamini hujatuma.

Kwa nini wanadai jina?

Unaweza kuuliza: kwani wanaringa? Hapana. Takataka za barua pepe, pamoja na zile za matapeli wanaojifanya benki au kampuni za malipo, mara nyingi hutumwa na kompyuta za watu wasio na habari, zilizoingiliwa na virusi. Kompyuta hizo hazina rekodi ya PTR iliyowekwa na mtu kwa makusudi, au zina jina la jumla tu lililobandikwa na kampuni ya intaneti. Kwa hiyo kudai jina ni chujio la kwanza. Mgeni asiyeweza kusema jina lake mlangoni, huna haraka ya kumfungulia.

Na jina peke yake halitoshi, lazima lithibitishwe. Seva ya mpokeaji huchukua nambari yako na kupata jina, halafu huchukua jina hilo na kutafuta nambari. Kama inarudi kwenye nambari ileile, umepita. Kama inaenda kwingine, ni kama mtu aliyekuonyesha kitambulisho cha mwingine.

Tangu Februari 2024, Google inawataka wote wanaotuma barua kwenye akaunti za Gmail wawe na rekodi sahihi za kwenda na za kurudi. Wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku wana masharti ya ziada. Ukiona barua imerudi na msimbo 5.7.25, Gmail inakuambia kwamba nambari yako haina PTR. Na kwa kuwa wateja wengi hapa Kenya wana Gmail, hili si jambo dogo.

Jipime mwenyewe kwa dakika 15

Hatua ya 1: Jitumie barua. Kutoka kwenye barua pepe ya biashara, tuma ujumbe kwa Gmail yako binafsi. Ukifika, ufungue kwenye kompyuta, bonyeza vile vidoti vitatu na uchague kuonyesha ujumbe asilia. Utaona maandishi mengi. Usiogope, tunatafuta mistari michache tu.

Hatua ya 2: Soma saa. Tafuta mstari wa Date, unaoonyesha wakati ulipobonyeza "Tuma". Kisha tafuta mistari inayoanza na neno Received, na uisome kutoka chini kwenda juu. Kila seva iliyobeba barua yako imepiga mhuri wake hapo. Tuseme Date ni 09:14:05 +0300, Received ya chini kabisa ni 09:14:16 +0300, na ya Google ni 03:41:40 -0700. Hiyo ya mwisho ni saa za Marekani. Ongeza saa 10 upate za Kenya: 13:41:40. Kwa hiyo ndani ya ofisi barua ilichelewa sekunde 11. Kati ya ofisi na Google ilichelewa saa 4 na dakika 27. Sasa unajua una shida zote mbili, na unajua ipi ni kubwa zaidi.

Hatua ya 3: Pata nambari yako ya nje. Kwenye mistari ileile ya Received, pale Google inapoeleza ilipokea kutoka kwa nani, utaona anwani ya IP. Iandike kwenye karatasi.

Hatua ya 4: Uliza jina. Kwenye Windows fungua kidirisha cha amri na uandike nslookup, nafasi, kisha nambari yako. Kwenye Linux au Mac andika dig -x kisha nambari. Ukipata jina, liandike. Ukiambiwa halipo, umepata mkosaji wako.

Hatua ya 5: Rudi kinyume. Andika nslookup na jina ulilopata. Nambari inayorudi lazima iwe ileile ya hatua ya 3. Zikitofautiana, kuna kazi ya kufanya.

Hatua ya 6: Pima salamu. Mwombe fundi aunganishe kompyuta ya karani na seva yenu moja kwa moja kupitia mlango 25 au 587, kwa telnet, huku akitazama saa. Salamu ya 220 ikija papo hapo, ni sawa. Ikichukua sekunde 5, 10 au 20 kamili, yaani zile tano tano tulizosema, utafutaji wa kinyume ndio wa kushukiwa kwanza.

Nani anarekebisha nini?

Hapa ndipo watu wengi hupoteza siku nzima wakigonga mlango usio wao.

Kama shida ni ya sekunde, ni kazi ya fundi wako. Anaweza kuandika majina ya kompyuta za ofisi kwenye faili ya hosts ya seva, au kuweka mtoa majibu wa ndani anayejibu maswali ya anwani za 192.168, au kurekebisha ruta iache kunyamaza. Njia yoyote kati ya hizo inatosha. Kule Nakuru faili ya hosts ilitosha: mistari 8 kwa kompyuta 8, na kiduara kikaacha kuzunguka.

Kama shida ni ya saa na siku, rekodi ya PTR huwekwa na mwenye nambari, si mwenye jina. Jina lako la .ke umelipata kupitia wakala aliyesajiliwa na KeNIC. Lakini nambari ya IP imetoka kwa kampuni yako ya intaneti, au kwa kampuni inayokukodisha seva, ambayo nayo kwa kawaida imegawiwa na AFRINIC, shirika linalogawa nambari za intaneti Afrika. Kwa hiyo ukimpigia wakala wa jina umwekee PTR, atakuambia hawezi, na atakuwa anasema kweli. Pigia kampuni ya intaneti.

Waambie mambo matatu tu: nambari yako ya IP, jina unalotaka lirudi, na kwamba jina hilo tayari linaelekea kwenye nambari hiyo. Hakikisha hilo la tatu ni kweli kabla ya kupiga simu. Waulize pia kama nambari yako ni ya kudumu. Kama inabadilika kila ruta inapozimwa, rekodi ya PTR haitakusaidia.

Rekodi ikishawekwa, usitarajie kila mtu aione dakika hiyo hiyo. Seva za nje hukumbuka jibu la zamani kwa muda fulani, hata kama jibu lenyewe lilikuwa "hakuna". Wape saa kadhaa, wakati mwingine siku nzima.

Na kama biashara yako inatumia huduma ya barua pepe ya kampuni kubwa, kama Google au Microsoft, nambari ni zao na rekodi za PTR ni jukumu lao. Wewe shughulikia rekodi za SPF na DKIM kwenye kikoa chako, zinazosema ni nani anaruhusiwa kutuma kwa jina lako. Kwa duka dogo lisilo na fundi wa kudumu, tunaona hii ndiyo njia isiyo na presha.

Foleni ikifunguka ghafla

Sasa turudi Nakuru, kwa sababu kisa hakikuishia pale tulipokiacha.

Siku ya tatu kampuni ya intaneti iliweka rekodi ya PTR. Usiku huo seva za wateja zikaanza kukubali, na barua zote zilizokuwa kwenye foleni tangu siku ya kwanza zikatoka kwa mpigo. Kila mtu akasema, afadhali.

Lakini katika zile siku tatu, karani alikuwa amewapigia wateja simu. Aliwasomea kiasi, wakalipa kwa simu, wakapata risiti, mambo yakaisha. Asubuhi wakaamka wakakuta invoisi ya kiasi kilekile imeingia, imeandikwa "tafadhali lipa". Mhasibu wa kontrakta mmoja hakujua kwamba bosi wake alishalipa. Akalipa tena shilingi 48,500. Duka nalo likaona pesa zimeingia, likadhani ni oda mpya. Ilichukua siku kadhaa za simu na kulinganisha taarifa za akaunti kabla pesa hizo hazijarudishwa.

Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyekosea kwa makusudi. Barua ilichelewa tu, ikafika wakati mbaya.

Kwa hiyo, kabla ya kurekebisha rekodi, angalia foleni kwanza. Mwambie fundi akupe orodha ya barua zinazosubiri. Kwenye Postfix ni amri ya postqueue -p. Kaa na karani, mpitie moja moja. Invoisi iliyokwisha kulipwa, ifutwe kwenye foleni. Iliyopitwa na bei, ifutwe na iandikwe mpya. Zinazobaki ziache ziende.

Kinga pesa zako wakati barua zinachelewa

Weka nambari ya kipekee kwenye kila invoisi, na mteja aiandike kama nambari ya akaunti anapolipa. Invoisi ileile ikilipwa mara mbili, utaiona mara moja.

Usitoe mzigo kwa sababu umeona barua pepe ya kuthibitisha malipo. Tazama salio na orodha ya miamala kwenye programu yetu au kwenye taarifa ya akaunti. Barua pepe inaweza kuchelewa, na inaweza pia kughushiwa.

Vilevile, usilipe mara ya pili kwa sababu risiti ya barua pepe haijafika. Angalia kwanza kama pesa zimetoka. Kama zimetoka, malipo yamefanyika, risiti iko njiani.

Na ukipokea barua inayosema "malipo yako yamekwama, lipa tena kwa nambari hii mpya", simama hapo. Mpigie mwenye kukudai kwa nambari unayoijua, si ile iliyo kwenye barua. Matapeli hupenda sana siku ambazo mifumo inasuasua, kwa sababu kila mtu anatarajia kusikia kwamba kuna tatizo. Sisi hatutakuomba PIN yako kwa barua pepe, kwa ujumbe wala kwa simu.

Maswali tunayoulizwa

Je, nikinunua bando kubwa zaidi, barua zitaenda haraka? Hapana, kama shida ni jina. Mlinzi anayesubiri jibu haharakishwi na barabara pana.

Je, nizime kabisa utafutaji wa kinyume kwenye seva yangu? Kwa kompyuta za ndani ya ofisi fundi anaweza kufanya hivyo bila madhara makubwa. Kwa wageni wa nje tusingekushauri, kwa sababu utapoteza chujio linalokukinga.

Nina PTR lakini barua bado zinachelewa. Mbona? Huenda jina halirudi kwenye nambari ileile, basi rudia hatua ya 5. Au seva ya mpokeaji ina desturi ya kumwambia kila mtumaji mgeni ajaribu tena baada ya dakika chache. Hiyo huisha yenyewe akishakuzoea.

Je, naweza kuendesha seva ya barua pepe kwa modemu ya laini ya simu? Tungekushauri usifanye hivyo. Nambari hizo hubadilika, mara nyingi hutumiwa na watu wengi kwa pamoja, na huwezi kuzipatia jina lako.

Kazi ya leo

Kabla hujafunga ofisi jioni hii, fanya ile hatua ya 1 na ya 2 peke yake: jitumie barua moja, usome saa. Kama tofauti ni ndogo, lala salama. Kama ni saa nzima, kesho asubuhi pigia kampuni yako ya intaneti ukiwa na nambari yako na jina lako mkononi. Na kama unapanga kubadilisha kampuni ya intaneti mwezi huu, swali la rekodi ya PTR liulize kabla ya kutia sahihi, si baada ya invoisi kukwama.